Pampu inanguruma lakini haivuti

Tabata, Dar es Salaam
Oktoba 2025

Kwako ndugu yangu Baba Salma,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mimi, Mama Idrisa na watoto hatujambo. Joto limeanza kupanda na vuli tunaisubiri. Msalimie sana shemeji, na umwambie Salma bibi yake wa huku anamuulizia.

Umeniandikia kwamba unataka kuijaza karavani yako, ile nyumba ya magurudumu, dawa ya pinki ya kuzuia maji yasigande kwenye mabomba wakati wa baridi ya huko Minnesota, Marekani, lakini pampu inanguruma na haivuti. Video yako nimeiangalia mara kadhaa, na zaidi ya kuiangalia nimeisikiliza. Nimeona nikuandikie kwa urefu badala ya kukutumia sauti ya WhatsApp, kwa sababu kazi hii utaifanya ukiwa umepiga magoti mbele ya hiyo karavani, na ni vizuri uwe na maandishi ya kurudia. Kwanza kabisa, usinunue pampu mpya. Hiyo uliyonayo ni nzima.

Mlio wake ni mwepesi na wa kasi. Pampu ikishika maji, mlio hushuka ukawa mzito, hata bomba unalisikia likitetemeka mkononi. Wateja wangu wa Kimara na Mbezi wanaopandisha maji kutoka simtanki la chini kwenda la juu hunipigia simu na maneno yaleyale uliyoniandikia: fundi, inanguruma haivuti. Nikifika, pampu huwa siigusi. Naanzia kwenye tangi, nafuata bomba la kuvutia kiungo kwa kiungo mpaka mdomoni mwa pampu. Hewa ni nyepesi kuliko maji. Ikipata tundu la sindano upande wa kuvuta, pampu itavuta hewa na kuacha maji. Na tundu la upande huo halitoi tone nje, linanyonya. Ndiyo maana mtu anapapasa bomba lote, anakuta kavu, anaamini ubovu uko kwenye mashine.

Kwako wewe kuna jambo jingine la kutazama kabla ya tundu. Tangi la maji safi umelimwaga, vizuri. Lakini pampu ina njia mbili: moja inatoka kwenye tangi, nyingine ni ule mpira mwembamba uliouchovya kwenye galoni la dawa ya kuzuia kuganda. Kati yake kuna valvu ya kugeuza. Pale ulipomulika tochi chini ya kitanda, mkono wa hiyo valvu umesimama katikati. Maana yake njia ya tangi bado iko wazi, na tangi ni tupu, kwa hiyo pampu inakunywa hewa ya tangi huku dawa imetulia kwenye galoni. Geuza mkono huo mpaka ugote upande wa mpira, kisha washa.

Ikikataa, fungua kichujio kilicho mbele ya pampu, kile cha plastiki inayoonesha ndani. Toa uchafu, kagua mpira wake wa duara kama umepasuka au umekaa upande, urudishe na ukaze kwa mkono, usitumie spana. Washa tena ukiangalia humo ndani. Ukiona mapovu yanapita, kuna kiungo kinanyonya. Zungushia kila kiungo kitambaa kilicholowa, kimoja baada ya kingine. Utakapofika kwenye kibovu, mlio utabadilika hapohapo. Usiwe na hofu ikizunguka kavu kwa muda mfupi, maana hiyo ni ya diaframu, yaani ya utando unaosukuma maji, na ya volti 12, si kama hizi zetu za nusu hosi ambazo zikikosa maji zinaunguza sili, ule mpira unaozuia maji kuvuja.

Ikianza kuvuta lakini haizimi hata ukiwa umefunga koki zote, kuna mahali pako wazi. Angalia zile koki mbili za chini ya sakafu, ya maji baridi na ya maji moto, ulizozifungua kumwaga maji ya zamani. Nyingi husahaulika wazi.

Sasa hita, na hapa nakuomba usome taratibu. Tangi la hita yako ni la galoni 6, karibu lita 23. Usipolifungia njia, dawa yote itaingia humo kwanza, wewe utakuwa umesimama jikoni unangoja maji moto yageuke rangi na hayageuki, na galoni zinakwisha. Nyuma ya hita kuna valvu tatu: ya kuingiza maji baridi, ya kutoa maji moto, na ya katikati inayounganisha mabomba hayo mawili. Funga mbili za kwanza, fungua ya katikati. Kabla ya hapo zima umeme na gesi ya hita, iache ipoe kabisa, fungua koki ya maji moto ndani ili presha itoke, ndipo ufungue kizibo cha chini na kuimwaga. Kizibo cha moto chenye presha kinaweza kukuunguza vibaya. Na kwa vile hita itakuwa tupu miezi yote, bandika karatasi kwenye swichi yake asije mtu akaiwasha. Kipashajoto cha umeme kikiwaka bila maji huungua mara moja.

Dawa ikishaanza kutembea, anza na koki ya karibu na pampu kisha uende ya mbali. Fungua baridi mpaka itoke pinki nzito, funga, fungua moto vilevile. Baridi ikitoka pinki na moto ikatoa hewa tu, rudi kwenye valvu za hita, tatizo liko hapo. Vuta maji ya choo. Usiisahau shawa ya nje. Kile kichujio cha maji ya kunywa, toa kaseti yake, ile sehemu inayochuja, kabla hujaanza. Mwishoni mimina kikombe au zaidi kwenye tundu la kila sinki na la bafuni, maana kwenye ule mkunjo wa chini maji hukaa siku zote.

Kuna sehemu moja inayowaponza wengi: pale nje unapochomeka mpira wa maji ya mtaani. Ndani yake kuna kivalvu kinachozuia maji yasirudi, na nyuma yake hubaki maji kidogo. Zima pampu, fungua koki ya ndani presha ishuke, toa kile kichujio kidogo cha waya, kisha bonyeza kivalvu taratibu mpaka kiteme pinki.

Najua jirani yako amekwambia upulize tu kwa kompresa. Inafaa kusukuma maji mengi nje, lakini presha ya hewa usizidishe psi 50 kwenye geji, na bado maji hubaki kwenye pampu na sehemu zilizobonyea. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9. Bomba la PEX, lile la plastiki inayopinda, huweza kustahimili kiasi. Elbo za plastiki, koki na kichwa cha pampu hupasuka, nawe hutajua mpaka uwashe maji mwezi wa Aprili yamwagike nyuma ya kabati. Sisi huku usiku wa Julai ukifika nyuzi 19 tunatafuta shuka nzito. Huko kwenu Minnesota Januari inashuka zaidi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, kwa hiyo usiache tone.

Jambo ambalo kweli linanikosesha raha: dawa yenyewe. Nunua ya mabomba ya maji ya karavani, iliyotengenezwa kwa propilini glaikoli. Kulanti ya gari, yaani maji ya rejeta, ile ya ethilini glaikoli, ni sumu, na Salma atakunywa kutoka kwenye mabomba hayohayo. Usiangalie rangi, kwa sababu kulanti nazo zipo za pinki. Soma maandishi ya kwenye galoni, kisha nipigie picha nami niyasome kabla hujaimimina.

Kazi hii ifanye Jumamosi hii mchana, usingoje barafu ya kwanza. Valvu za hita ukishazigeuza nitumie video yake, nitakuwa macho hata ikiwa usiku huku.

Ni mimi ndugu yako,
Baba Idrisa