Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili: tasnifu yangu iko chini ya kompyuta yenu

Mheshimiwa Profesa,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Arua. Nimekwisha kukuandikia barua sita kwa Kiingereza, nne kwa barua pepe na mbili nilizozileta kwa mkono, na zote zilipokelewa kwa ukimya. Hii ya saba naiandika kwa Kiswahili, lugha ambayo Katiba yetu ya Uganda imeitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, na naiandika hadharani, kwa kuwa huenda shida ilikuwa lugha tu.

Mimi ni mwanafunzi wako wa shahada ya uzamili ya usimamizi wa usalama wa intaneti, kozi ya miaka miwili niliyoianza Agosti 2022. Huu sasa ni mwaka wa nne. Tasnifu yangu niliikabidhi tarehe 14 Machi 2024, nakala tatu zenye jalada la buluu, nikapewa karatasi yenye muhuri wa ofisi yako inayosema kwamba watahini watatoa majibu ndani ya miezi mitatu. Karatasi ninayo mpaka leo, ingawa muhuri wenyewe umeanza kufifia.

Jumanne iliyopita nilifika tena ofisini kwako. Nilikuwa nimesafiri usiku kucha kwa basi, nikashuka Kampala alfajiri, nikanawa uso kwenye bomba la kituo na kupanda boda boda ili niwe wa kwanza mlangoni. Karani alinipokea kwa adabu, na sina neno naye. Akaniambia faili langu halionekani kwenye mfumo, kwa hiyo nimtumie picha ya kitambulisho changu cha taifa kwa WhatsApp, kwenye simu yake mwenyewe, ili aanze kunitafuta upya. Nilipoinama kusoma namba yake iliyobandikwa mezani ndipo nikaona kwamba kioo cha kompyuta yake kimeinuliwa juu ya rundo la vitabu ili kilingane na macho yake. Vitabu vitatu vya chini vilikuwa na jalada la buluu. Kwenye pembe ya kimoja kulikuwa na doa la wino ambalo nalifahamu vizuri, kwa sababu kalamu ilinivujia asubuhi ileile ya Machi nilipokuwa nikitia saini. Miezi kumi na tisa nimekuwa nikiambiwa kwamba tasnifu iko kwa mtahini wa nje.

Kwenye ukingo wa kioo hichohicho palikuwa pamebandikwa kikaratasi chenye nenosiri la kuingilia mfumo wa matokeo, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka benchi la wageni. Sitaliandika hapa wala kulidokeza, maana nilichofundishwa katika idara yenu nilikielewa. Naomba tu libadilishwe leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Niruhusu nikukumbushe tasnifu hiyo inahusu nini, kwa kuwa sidhani kama yupo aliyeifungua. Inahusu namna mawakala wa pesa za simu katika mji wa Arua wanavyotunza namba zao za siri. Nilikaa nao kwenye vibanda vyao kwa miezi, nikaona wakala anayeiandika nyuma ya simu, anayeiandika ndani ya boksi la kalamu, na mama mmoja ambaye namba yake anaijua mwanawe, shemeji yake na kijana wa jirani, kwa sababu akienda sokoni lazima mtu abaki akihudumia wateja. Hoja yangu, katika kurasa 112, ni kwamba hawa si wazembe. Mfumo waliopewa unamtaka mtu mmoja akae kibandani kwa muda wa saa kumi na mbili bila kuinuka, na usalama unaodai jambo lisilowezekana huishia kwenye kikaratasi. Ningeweza kuongeza sura ya sita kuhusu ofisi yako bila kutoka nje ya mada.

Darasani tulifundishwa kwamba usalama wa taarifa una nguzo tatu, yaani siri, uadilifu na upatikanaji, na kwamba taarifa isiyopatikana pale inapohitajika haiko salama hata ikifungiwa kwenye sanduku la chuma. Nimeipima tasnifu yangu kwa nguzo hizo. Siri yake imelindwa kupita kiasi, maana hata mtahini hajaiona. Uadilifu wake ni mzuri pia, kwa kuwa hakuna aliyebadilisha hata nukta. Ni upatikanaji tu, Profesa. Tulisoma pia, kifungu kwa kifungu, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, inayomtaka kila anayekusanya taarifa za watu azilinde zisipotee wala zisifikiwe na asiyehusika. Mhadhiri wetu alisema sheria hiyo inazihusu taasisi za umma pia. Nilipoombwa kitambulisho kwa WhatsApp nilimkumbuka.

Kuhusu gharama sitasema mengi, ingawa naona nisiponena kabisa utadhani sina. Kila muhula ninaousubiri nalazimika kujisajili upya na kulipa ada ya kuendelea, shilingi 600,000, kwa kosa la kutojibiwa. Nimekwisha kulipa mara tatu. Mara ya mwisho fedha zilitoka katika mtaji wa mke wangu, ambaye huuza sokoni samaki wakavu wanaotoka Panyimur, na ambaye sasa haniulizi tena mahafali ni lini, jambo linaloniuma kuliko alipokuwa akiuliza. Katika SACCO ninayofanyia kazi nafasi ya mkuu wa mifumo ilitangazwa mwaka huu, wakataka mwenye shahada ya uzamili mkononi. Barua ya kuthibitisha kwamba nimemaliza masomo na nasubiri mtihani wa mdomo, ule wa kuitetea tasnifu, ingenitosha. Niliiomba kwako mara mbili, na nafasi ikaenda kwa mwingine. Ni kijana mzuri, na mimi ndiye ninayemwelekeza kazi.

Nimejaribu kukisia sababu. Wapo wanaosema watahini wa nje hawajalipwa posho zao kwa hiyo hakuna anayekubali kupokea kazi mpya. Wengine wanasema chanzo ni kuondoka kwa msimamizi wangu, aliyepata kazi nje ya nchi, na kwamba tasnifu isiyo na msimamizi ni yatima. Mwenzangu mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba huenda programu yetu ina matatizo ya ithibati, yaani kibali cha kufundishwa, akikumbuka mwaka 2023 nchi nzima ilipokuwa ikibishana juu ya programu ambazo muda wake ulikuwa umekwisha katika orodha ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Sijui nimwamini nani. Ninachojua ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao anayefanya kazi katika ofisi yako, na yule anayefanya kazi hapo hajasema lolote.

Wakati huohuo, kila kongamano linaloitishwa Kampala viongozi wetu hulalamika kwamba nchi haina wataalamu wa usalama wa mtandao. Oktoba 2020 wadukuzi waliingia katika mfumo wa kampuni inayounganisha pesa za simu na benki, baadhi ya miamala ikasitishwa, na hapa Arua niliona mawakala wakifunga vibanda mchana kweupe bila kujua wamwambie nini mteja. Siku ile ndiyo iliyonifanya nitake kusoma kozi hii. Novemba 2024 waziri wa nchi wa fedha aliliambia Bunge kwamba ni kweli akaunti za Benki Kuu zilidukuliwa, ingawa si kwa kiasi kilichokuwa kikivumishwa. Mwezi huohuo, Daraja la Karuma, tunalovuka kwenda Kampala, likiwa limefungwa kwa matengenezo na sisi wa West Nile, eneo letu la Arua, tukizungukia njia ndefu, nilikuja kwenye mkutano wako na wanafunzi wa uzamili. Ulisimama mbele yetu ukasema kwamba tasnifu haitalala katika ofisi yako zaidi ya miezi mitatu. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, na wakati huo yangu ilikuwa na miezi minane.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na madai mengi: nirudishiwe ada ya mihula mitatu, faili langu litafutwe, makarani wapewe mafunzo, niombwe radhi kwa maandishi. Nimeyafuta yote. Naomba tarehe ya mtihani wa mdomo, yaani siku, mwezi na saa, iliyoandikwa kwenye karatasi yenye muhuri mpya. Ikiwa mtahini wa nje hajapatikana, basi niandikiwe tarehe atakayopatikana. Ikiwa tasnifu ina makosa, niandikiwe tarehe ya kuyapokea. Hata tarehe ya mbali nitaipokea. Naomba tarehe, Profesa.

Na kama wasiwasi ni kwamba nakala zangu zikiondolewa kioo cha karani kitashuka, nitakuja na matofali mawili kutoka Arua, kwa nauli yangu mwenyewe, na nitayafunga kwa karatasi ya buluu.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa nne katika kozi ya miaka miwili
Arua