Barua kwa mwanangu: msingoje ukumbi

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku ni wazima. Mvua imeanza, na mama yako amekataa katakata kumuuza yule ng'ombe.

Ujumbe wako nimeusoma. Mchezo mmeuandika, mazoezi mmefanya, na sasa mmekwama kwa sababu ukumbi ni ghali na mwenye funguo anataka kwanza auone mswada. Unaniuliza kama mngoje mfadhili. Michezo ya wafadhili naijua: daktari anaingia na koti jeupe, anaeleza ugonjwa, mgonjwa anakubali mawaidha, watazamaji wanapiga makofi na kupewa soda. Hakuna anayekwenda nyumbani akiiga sauti ya yule daktari. Afadhali nikupe habari za Wahome Mutahi, yule mwandishi wa vichekesho, maana nyinyi wa rika lako mnamjua kama jina la tuzo ya vitabu tu.

Alikuwa mtu wa huku kwetu Nyeri, aliyezaliwa 1954. Kabla ya kuingia kwenye magazeti aliwahi kuwa DO, yaani ofisa wa utawala wa serikali, na mimi huamini huko ndiko alikochuma nusu ya mali yake ya uchekeshaji. Alikuwa amekaa upande ule wa meza ya baraza. Alijua mkubwa anavyokohoa kabla ya kutoa amri, na chifu anavyocheka kabla mzaha haujaisha. Baadaye akawa na safu yake gazetini kila Jumapili, na humo aliyechekwa kwanza ni yeye mwenyewe: Whispers, mwanamume anayejigamba baa na kufyata mkia mlangoni kwake, mkewe akiitwa Thatcher, binti yake Pajero. Watu walianza kusoma gazeti kwa ukurasa wake, habari za serikali baadaye. Kwa hiyo siku alipomgeukia Rais Moi, hakuna aliyemwona kama mtu wa kudharau wengine.

Mwaka wa 1986 alikamatwa katika ule msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali. Akapitia vyumba vya chini vya Nyayo House, lile jengo la serikali Nairobi, vile walivyokuwa wakijaza maji mtu akiwa ndani, kisha akafungwa jela. Wengi waliotoka kule walinyamaza, na siwalaumu. Yeye alirudi kuandika, na kufikia mwisho wa miaka ya tisini alikuwa anatunga michezo kwa Gĩkũyũ na kuiigiza na kundi la Igiza Productions. Wakaipeleka baa.

Usidhani ni kwa kupenda pombe. Sisi tulikuwa tumeona ya Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru. Mwaka wa 1977 wakulima na wafanyakazi waliigiza kwa lugha yao mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Baada ya wiki chache leseni ikafutwa, mwishoni mwa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akachukuliwa na kuwekwa kizuizini, na mwaka wa 1982 polisi wakaubomoa ule ukumbi wa wazi waliojijengea wanakijiji. Jukwaa lililosimama mahali pamoja linajulikana njia ya kulifikia. Baa ziko kila mji, na watu walioketi mbele ya chupa zao huwezi kuwaita mkutano usio na kibali.

Mmoja wa michezo hiyo uliitwa Mũgaathe Mũbogothi, yaani Mtukufu anayeweweseka. Ilikuwa enzi ambapo kila taarifa ya habari redioni ilianza na Mtukufu Rais: leo amehudhuria ibada, leo amepanda mti. Niliona michezo ya namna hii. Hakukuwa na pazia. Mwigizaji aliinuka kwenye meza ya nyuma, ukadhani ni mlevi anataka kugombana, kumbe mchezo umeanza. Mtukufu akawa anapita katikati ya viti na walinzi wake, na mhudumu akipita na treya ilibidi Mtukufu ampishe. Hapo baa nzima ilipasuka. Sijui kama ilikuwa imeandikwa. Mzee mmoja akamjibu mwigizaji kutoka kwenye kiti chake, akamwambia barabara aliyoahidi bado ni matope. Mwigizaji hakubabaika. Alimgeukia, akamwahidi barabara nyingine, na walinzi wakapiga makofi. Askari kanzu hatukukosa kuwashuku. Walicheka kama sisi, na nimejiuliza mara nyingi waliandika nini kwenye ripoti.

Hilo la kupokea maneno ya mzee na kuyaingiza mchezoni ndilo ningependa mlifanyie mazoezi, kuliko kukariri. Baa haiko kimya. Msemo mzuri ukisemwa wakati chupa zinafunguliwa umepotea, basi mwigizaji hujifunza kungoja, kuurudia kwa namna nyingine, kuinua sauti bila kupiga kelele. Tena andikeni onyesho ambalo aliyechelewa anaweza kuliingia katikati asipotee. Na lugha iwe ile wanayotumia kuagiza nyama.

Mutahi alifariki Julai 2003, baada ya upasuaji ulioitwa mdogo na miezi ya kulala bila fahamu. Moi alikuwa ametoka Ikulu mwisho wa Desemba tu. Huwa nasikitika kwamba hakupata muda na wale waliofuata, maana walituachia mengi ya kucheka.

Sasa kuhusu mchezo wenu. Yule mwakilishi wadi anayezindua mfereji uleule mara tatu ni mzuri sana, lakini kwenye kurasa ulizonitumia wananchi wote ni werevu na yeye peke yake ndiye mjinga. Hapo hamjafika. Nani alimpigia kura? Nani alikula mbuzi wa uzinduzi? Mwekeni baba mmoja aliyekunywa bia ya huyo mwakilishi na bado analalamika. Ukikosa mfano, unanijua.

Nimeongea na mwenye ile baa iliyo karibu na stendi ya matatu. Jumapili alasiri hana wateja wengi, na anakubali mradi kiingilio kiwe chenu na vinywaji viwe vyake. Anachouliza ni kama wananchi watavunja viti. Nimemwambia hiyo itategemea mwigizaji wa mwakilishi wadi. Mama yako naye anataka kujua kama kuna mke kwenye mchezo, na anaongea kama nani. Hilo utamjibu mwenyewe.

Baba yako