Vijana wasinunue turbo kabla ya kuijua injini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie habari mliyoitoa kuhusu vijana wa Dar wanaofunga turbo kwenye magari ya petroli, yaani feni mbili kwenye mhimili mmoja: moja inazungushwa na moshi wa injini, ya pili inasukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Vijana walisifiwa kwa ubunifu, na mimi sina ugomvi na ubunifu, ndio unaonilipia kodi ya nyumba. Kilichonikwaza ni sentensi moja tu, kwamba anayeanza anaweza kupata turbo ya mtumba Gerezani kwa bei ya kutupa, akaifunga, mambo mengine yakafuata. Hayafuati. Kinachofuata ni kufumua injini.

Mimi ni fundi injini, gereji yangu iko Tabata. Nilianzia kwenye mabasi ya mikoani, dizeli tupu, baadaye nikahamia petroli. Kwa hiyo turbo za pande zote mbili zimepita mikononi mwangu, na ninachotaka wasomaji wako wajue ni kwamba turbo huchaguliwa mwisho. Kwanza unaiangalia injini, kisha mafuta itakayotumia, kisha barabara itakayopita. Ukishamaliza hapo, turbo inajichagua yenyewe, na mara nyingi sio ile uliyokuwa unaitamani.

Tuchukue Toyota Mark II, maana ndizo zinazoniletea kazi. Nyingi ninazoletewa zina injini ya 1JZ-GE ya VVT-i, lita 2.5, haina turbo, na mgandamizo wake ni 10.5 kwa 1, yaani pistoni ikipanda inaibana hewa mpaka ibaki na nafasi ndogo mara 10.5. Ndugu yake 1JZ-GTE, iliyotoka kiwandani na turbo, ina 8.5 kwa 1 ile ya turbo mbili, na 9 kwa 1 ile ya turbo moja iliyofuata. Toyota hawakuushusha kwa kujifurahisha. Hewa na petroli vikibanwa kupita kiasi vinapata joto, na vikishapata joto la kutosha vinajilipua vyenyewe kabla moto wa plagi haujavifikia. Hapo injini inagonga. Ukiwa ndani ya gari, muziki umefungulia, husikii kitu. Pistoni inasikia.

Halafu kuna suala la mafuta. Okteni ni kipimo cha petroli kuhimili kubanwa bila kujilipua. Kule Japani petroli ya kawaida inaanzia okteni 89 na ile ya daraja la juu inaanzia 96, na injini kama 1JZ-GTE zilipangwa zitumie hiyo ya juu. Sisi EWURA, wadhibiti wa nishati, wakitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi tunakimbilia kuangalia bei. Sijawahi kumwona mteja wangu akiuliza okteni kituoni. Wamarekani waliliona hili mapema: mwaka 1962 Oldsmobile walitoa gari ya petroli yenye turbo, Jetfire, na mgandamizo wakauacha juu, 10.25 kwa 1. Ili isigonge wakaweka tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, yanapuliziwa ndani turbo inapofanya kazi. Wenye magari wakawa wanasahau kulijaza. Baada ya muda wengi waling'olewa turbo zao, wakabaki na gari ya kawaida. Kama mwenye gari mpya ya kiwandani alisahau tangi moja, sitegemei kijana wa Sinza akumbuke mambo sita.

Sasa nieleze kisa kilichonifanya nishike kalamu. Nililetewa Mark II na kijana wa Kigamboni, inatoa moshi wa bluu na silinda moja imelala. Nikafungua boneti nikakuta turbo ya Prado ya dizeli, ya injini ya 1KD. Aliyemfungia alimwambia turbo ni turbo. Turbo ile upande wa moshi ina vibawa vidogo vinavyojigeuza kulingana na mwendo wa injini, na kwenye dizeli inafanya kazi safi miaka na miaka, kwa sababu moshi wa dizeli ni wa baridi kidogo. Moshi wa petroli ukikanyagia muda mrefu unafika nyuzi 950 na kuzidi. Porsche walipoweka turbo ya vibawa vya namna hiyo kwenye 911 Turbo ya petroli mwaka 2006, BorgWarner waliowatengenezea ilibidi watumie vyuma maalumu vya kuhimili joto linalokaribia nyuzi 1,000. Ya Prado haina vyuma hivyo. Vibawa vilikwama vikiwa vimefunga, moshi ukakosa pa kupita, hewa ikazidi, na injini ya 10.5 kwa 1 ikapigwa kwa kipimo ambacho hakuna aliyekuwa anakisoma, maana hata geji ya bosti, yaani presha ya ziada inayoletwa na turbo, haikuwepo.

Nilichomoa plagi ya silinda ya sita, ile ya nyuma karibu na dashibodi. Kwenye kauri yake nyeupe kulikuwa na vidoti, ukitazama haraka utasema ni masizi. Nikachukua lenzi, nikamwita kijana aangalie mwenyewe. Vidoti vilikuwa vinang'aa. Ile ni aluminiamu, na mle ndani aluminiamu haitoki kwingine isipokuwa kwenye pistoni. Tulipofungua tukakuta ukuta kati ya ringi ya kwanza na ya pili umemeguka. Kijana hakusema kitu, akaenda kukaa kwenye benchi nje.

Kwa hiyo mnaonunua mtumba, fanyeni hivi palepale dukani kabla hamjatoa hela. Kwanza ulizeni imetoka kwenye injini gani. Kisha shikeni nati ya katikati ya feni kwa kidole gumba na cha shahada. Sukuma juu na chini: kucheza kidogo ni kawaida, kwa kuwa bushi za ndani zinaelea kwenye oili na hapo oili hamna. Sukuma na vuta, ndani na nje: hapo usisikie kitu chochote, ukisikia, rudisha. Izungushe huku umeisukuma upande mmoja, feni isiguse ukuta. Mulika kwa tochi ya simu, ukuta ukiwa na mikwaruzo ya mviringo, feni ilishagusa siku nyingi. Muuzaji akikukataza kufanya haya, duka la pili haliko mbali.

Joto la Dar nalo lina hesabu yake. Tuseme umeshabadilisha pistoni, mgandamizo umeshuka hadi 9, unataka bosti ya baa 0.7 (baa hapa ni kipimo cha presha; hewa ya kawaida usawa wa bahari ni kama baa 1). Hewa ya nje ina nyuzi 32. Feni yenye ufanisi wa asilimia 70 itaitoa ikiwa na nyuzi kama 103. Ukifunga kiturbo kidogo ukakilazimisha nje ya eneo lake, ufanisi ukashuka hadi asilimia 60, inatoka na 115. Ndiyo maana kuna intakula ya kuipoza, na ndiyo maana intakula ya kuning'inizwa pasipofika upepo ni urembo. Fikiria mtu anatoka Posta saa kumi na moja jioni, anatambaa mpaka Ubungo, AC imewashwa, intakula iko mbele ya rejeta inapikwa na joto la lami na la magari ya mbele. Akifika Kimara njia nane zinafunguka, anakanyaga mpaka chini. Hewa ya kwanza kuingia kwenye injini ni ile iliyokuwa inapikwa.

Kuchagua ukubwa si uchawi. Lita 2.5, mizunguko 6,500 kwa dakika, silinda zinajaa kwa asilimia 90, bosti baa 0.7, hewa imepozwa hadi nyuzi 50: injini hiyo inavuta hewa kama kilo 13.4 kwa dakika, sawa na pauni 29 na nusu. Nataja pauni kwa sababu ndizo zilizoandikwa kwenye ramani nyingi za kompresa, yaani michoro inayoonyesha feni ya hewa inafanya kazi vizuri kwenye kiasi gani cha hewa na presha gani, na kila pauni moja inakupa takriban nguvu farasi 10. Kwa hiyo tunazungumzia farasi 300 hivi kwenye injini. Watengenezaji wanaojiheshimu wanatoa ramani ya kila turbo. Unaweka doti ya pauni 29 na nusu kwenye uwiano wa 1.8, yaani presha ya hewa inayotoka kwenye feni ukiigawa kwa ya inayoingia, ukihesabu na kinachopotea kwenye filta na mabomba, kisha unaweka doti nyingine ya mizunguko 3,500. Zote mbili ziangukie ndani. Doti ya chini ikiangukia kushoto ya mstari wa kushoto, hewa inarudi nyuma na kuipiga feni. Ule mlio wa tu-tu-tu-tu ambao vijana wanaurekodi kwa simu wakiachia mafuta ndio huo. Ukiusikia unapoachia, haujengi lakini hauui leo. Ukiusikia ukiwa umekanyaga, simama pembeni.

Kuhusu upande wa moshi nitasema kwa kifupi: nyumba ya feni ya moshi ikiwa ndogo, turbo inaamka mapema lakini inaikaba injini kwenye mizunguko ya juu, ikiwa kubwa ni kinyume chake. Kwa gari ya mjini mimi nachagua inayoamka kwenye mizunguko 3,000. Turbo inayoamka 4,500 ni ya kusimulia baa.

Kazi kubwa iko kwenye kutyuni, yaani kupanga petroli na moto wa plagi upya, na hapo ndipo watu wanapobana hela. Kontrol boksi, ile kompyuta ya injini, kwenye gari isiyo na turbo haijui bosti ni nini. Nozeli zilizomo, zile zinazopulizia petroli, hazikupimwa kwa farasi 300, ambao kwenye silinda sita wanataka nozeli ya cc 340 kwa dakika kwenda juu, na pampu ya kuzilisha. Bila sensa pana ya oksijeni kwenye bomba la moshi, fundi anayekwambia "iko sawa" anakisia kwa kunusa. Kwenye mwendo wa kawaida nataka kusoma 14.7, yaani uzito wa hewa kwa kila uzito mmoja wa petroli, bosti ikipanda nataka 11.5 hadi 12. Plagi napanda namba moja, iwe ya baridi zaidi, kwa mfano NGK ya 6 naweka ya 7, na mwanya naubana mpaka milimita 0.8 au 0.7 ili hewa nzito isiuzime moto. Naanza na springi ya westigeti peke yake (westigeti ni mlango unaopunguza moshi unaoizungusha turbo ili bosti isizidi), moto wa plagi nimeuchelewesha, nimevaa hedifoni zilizounganishwa na sensa niliyoifunga kwenye bloku ili nisikie injini ikigonga. Naurudisha moto digrii moja moja, na kila hatua nachomoa plagi na kuitazama. Inachukua muda. Mteja anakaa nje anaangalia saa, na mimi simwangalii.

Kwa injini ya 10.5 kwa 1 ambayo haijaguswa ndani, kwa petroli yetu, sipiti baa 0.4. Wapo watakaosema naogopa. Kweli naogopa, kwa kuwa nikikosea ni mimi nitakayelipa.

Kitu kingine kinachosahaulika ni oili kurudi. Bomba la kuitoa kwenye turbo na kuirudisha kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini, liwe nene na lishuke moja kwa moja, lisijikunje kwenda juu popote, na lisiingie chini ya usawa wa oili. Nimeona turbo nzima kabisa zikihukumiwa kuwa zimekufa kwa sababu zinatoa moshi, kumbe bomba limepinda.

Na wale wanaotyuni Dar kisha wakaenda Iringa wikiendi, nina neno nao, maana njia ile nimeilalia miaka ya mabasi. Hapa tuko usawa wa bahari. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu, hewa ya nje imeshuka mpaka kama baa 0.84. Geji yako ikiendelea kusoma 0.7, ujue turbo inabana kwa uwiano wa zaidi ya 1.8 badala ya 1.7, bila kuhesabu kinachopotea kwenye filta na mabomba, inazunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi. Kabla hujafika huko kuna mlima Kitonga. Unapanda nyuma ya semi, mwendo mdogo, mzigo mkubwa, upepo haupo, bosti imekaa dakika nyingi mfululizo. Njia nane za Kimara hazikupi kipimo hicho hata ukienda usiku kucha, na mimi sikushauri uende. Nikimfungia mtu gari ya safari naipunguza bosti kwa ajili ya kilima kile, akilalamika haina nguvu Kibaha, nakubali lawama.

Mhariri, sina maana ya kuwazuia vijana. Ningependa VETA, wenye vyuo vya ufundi stadi, au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo wafikirie kozi fupi ya jioni kwa mafundi walio kazini: kusoma ramani ya kompresa, kupima nozeli, kusoma plagi. Hayo yanafundishika kwa wiki chache na hayahitaji mashine ya mabilioni. Wakati tunasubiri, mimi nimechapisha ramani kadhaa nikazibandika ukutani gereji, juu ya meza ya vifaa. Anayetaka kuja kuziangalia na hesabu za injini yake karibu, simtozi, ila asije Jumamosi, Jumamosi hapakaliki.

Fundi injini,
Tabata, Dar es Salaam