Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyeolewa Hobart

Marahaba, mwanangu.

Umesema umelipata jalada la yule bibi wa kale wa ukoo wa mumeo, aliyepelekwa huko kama mfungwa, kwenye nyaraka za Tasmania, kisiwa cha Australia, ukasoma mlevi, mtoro, mjeuri, kisha ukalifunga usije ukamuudhi mama mkwe. Lifungue tena. Ukurasa ule uliandikwa na waliomfunga, na ulipangwa kwa ajili ya kuandikia makosa. Mwaka mzima aliofua, akapika na kulea watoto wa watu bila matata unaweza usiache hata nukta. Siku aliyomjibu vibaya bibi mwenye nyumba ndiyo inapata tarehe, adhabu na herufi za jina la hakimu.

Anza na meli kabla ya jina. Hadi 1853 wafungwa wanawake kama 12,500 walipelekwa na Uingereza kisiwani humo, wakati huo kikiitwa Van Diemen's Land, na akina Mary na Ann walikuwa tele. Makarani waliwatofautisha kwa meli: Mary fulani wa Rajah, Mary fulani wa meli nyingine, na jina hilo la meli lilimfuata mtu hadi kwenye ombi la ndoa. Tahajia ya jina la ukoo usiishikilie. Wengi hawakujua kuandika, karani akaandika alivyosikia.

Pili, mwaka wa kufika. Aliyeshuka kabla ya 1844 aligawiwa kwa mlowezi: chakula na nguo, mshahara hakuna. Kuanzia 1844 wengi waliwekwa kwanza miezi 6 kwenye Anson, manowari kuukuu iliyotia nanga mtoni Derwent, wakafunzwa kazi za ndani, ndipo wakaajiriwa kwa mshahara. Usipojua mwaka utamtafutia mshahara mtu ambaye hakupaswa kulipwa.

Sehemu ya juu ya ukurasa, kabla ya makosa, kuna maelezo mafupi ambayo wengi huyaruka: alichosema mwenyewe kuhusu kosa lililomfikisha pale, ameacha nani nyumbani, amewahi kufungwa mara ngapi. Hapo kidogo utasikia sauti yake, ingawa imepitia kalamu ya karani. Chini, T.L. ni kibali cha kujitafutia kazi kabla kifungo hakijaisha, C.P. ni msamaha wenye masharti.

Sasa lile neno "factory" linalojirudia. Usiwaze mashine. Ni gereza la wanawake, mara nyingi lile la Cascades, Hobart, lililofunguliwa Desemba 1828 katika jengo lililokuwa la kutengenezea pombe kali, bondeni kando ya kijito, penye unyevu na jua haba. Kanuni za 1829 ziliwagawa wanawake makundi matatu. La kwanza lilipika na kuuguza wagonjwa, la pili lilishona, na la tatu, kundi la adhabu, lilifua na kusokota sufu. Hawa wa tatu walishonewa herufi C kubwa ya njano mahali patatu: katikati ya mgongo wa koti, mkono wa kulia, na nyuma ya sketi.

Chakula kilipimwa. Asubuhi robo ratili ya mkate na painti moja (nusu lita na ushei) ya uji, mchana nusu ratili na painti ya supu, jioni robo ratili na supu tena. Supu ilitiwa ratili 25 za nyama kwa kila kwati 100, yaani kama kilo 11 kwa lita 113. Kwati moja ni painti mbili; ukigawanya, kila painti ina gramu 57 hivi za nyama, na mifupa sijaitoa. Ukiona amerudishwa Cascades, kumbuka hesabu hiyo kabla hujamwita mjeuri.

Mstari unaouma zaidi ni ule wa kurudishwa akiwa mjamzito. Mwenye nyumba hakutaka mtumishi mwenye mimba, na mara nyingi haikuulizwa mimba ni ya nani. Alijifungua mle mle, akanyonyesha, na mtoto akishaachishwa ziwa mama alipelekwa kundi la adhabu. Watoto walibanana vyumba vibaya na walikufa kwa wingi, hata mwaka 1838 serikali ikalazimika kuwahamishia nyumba nyingine mjini. Waliopona walipelekwa wakiwa bado wadogo kwenye shule ya yatima ya New Town, ingawa mama zao walikuwa hai. Kwa hiyo tafuta sajili ya vifo na ya shule hiyo pia. Jalada la mama huenda lisimtaje mtoto.

Kesi yake, kama ilisikilizwa mahakama ya Old Bailey, London, utaisoma bure mtandaoni. Kama ni ya Ireland usijichoshe sana: nyaraka nyingi za huko ziliungua Dublin mwaka 1922.

Kuhusu ndoa, mfungwa alihitaji ruhusa ya serikali, na mwenye mume Uingereza hakuruhusiwa kuolewa tena. Ukikuta "mjane" kwenye ombi, rudi kwenye karatasi za meli uone alipofika alisema nini. Zikipingana, hilo ndilo la kuzungumza na mama mkwe polepole, maana huenda ndiko jina la ukoo wao lilikotoka.

Shangazi yako