Barua ya wazi: Mheshimiwa, makaburi ya Tongoni yanataka chokaa

Mheshimiwa mwenye dhamana ya malikale,

Salaam. Tumengoja kwa adabu masika baada ya masika, na adabu hiyo haijainua hata jiwe moja. Mvua za mwaka huu zimedondosha lipu nyingine makaburini. Kila ujumbe unaofika kijijini kwetu, kusini mwa Tanga, hupiga picha, huahidi ukarabati, huondoka.

Hapa ndipo ulipokuwa mji wa kale wa Mtangata. Fungu la baharini lililo mbele yetu ndilo lililoikwamisha São Rafael, merikebu ya Vasco da Gama, mwaka 1498. Mwaka uliofuata akaichoma mwenyewe, kwa kuwa mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote. Lakini sifa ya Tongoni si Mreno huyo. Ni gofu la msikiti na makaburi takribani 40, mengi yakiwa na nguzo ya mawe iliyosimamishwa juu yake, yaliyojengwa na wazee wa pwani hii. Nguzo nyingi zimekwisha lala chini.

Ombi letu ni moja: chokaa. Msituletee saruji! Kuta hizi ni matumbawe na chokaa, zinapumua. Saruji huziba unyevu, maji yatoke kupitia jiwe lenyewe, chumvi igande humo, na jiwe limumunyuke nyuma ya kiraka. Kwa macho kiraka ni kizima. Kigonge, utasikia uwazi.

Chokaa iliyochomwa izimwe, yaani itiwe maji, kisha ikae ndani ya maji miezi mitatu au zaidi. Kipimo kimoja kichanganywe na vitatu vya mchanga wa mtoni, maana wa ufukweni una chumvi. Ukuta uloweshwe kwanza. Lipu ipigwe nyembamba, isizidi sentimita moja kila tabaka, kisha ifunikwe magunia mabichi wiki nzima. Jua likiikausha upesi, inapasuka. Mitini iliyoota kutani ikatwe, ising'olewe, kwani mzizi ukivutwa huja na mawe. Na mawe yaliyoanguka yapigwe picha na kupewa namba pale pale yalipo, kabla mtu hajayagusa. Jiwe likishahamishwa bila namba, hakuna fundi atakayejua lilitoka nguzo ipi.

Hatudai bango wala jengo la wageni. Chokaa ikizimwa Juni, Septemba fundi anaanza, vuli inakuta kazi imekauka. Ikizimwa Oktoba, mwaka umepotea tena.

Tuletee chokaa, Mheshimiwa. Juni hii.

Ni sisi, watu wa Tongoni