YAH: Kumrudi mtoto na mipaka ya sheria wakati wa likizo

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Tunafunga muhula wa kwanza, na ripoti ya mwanao imeambatanishwa. Kabla hujafika kwenye alama za Hisabati, ambako najua wengi mtaanzia, naomba usome barua hii yote.

Muhula huu baadhi yenu mmefika ofisini mkisema, "Mwalimu, mchapeni tu, mimi nimeruhusu." Nia tunaielewa, lakini ruhusa ya mzazi haimwongezei mwalimu mamlaka. Kanuni za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, zinaruhusu viboko kwa kosa kubwa la nidhamu tu, visivyozidi vinne, vikitolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kufeli jaribio hakumo katika makosa hayo, na hapa shuleni hakuna atakayechapwa kwa sababu hiyo.

Nyumbani nako kuna mipaka. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinakataza mateso na ukatili, na kinaeleza kuwa kumrudi mtoto hakukubaliki iwapo aina au kiasi cha adhabu hakilingani na umri wake na hali yake ya mwili na akili. Na mtoto ambaye kwa udogo wake hawezi kuelewa anaadhibiwa kwa nini, haadhibiwi kabisa. Mzazi hakupangiwa idadi ya viboko, jambo ambalo kwa maoni yangu limewaponza wengi, kwa kuwa mtu hudhani pasipo na idadi hapana kosa. Waya wa umeme, kijiko kilichopashwa moto au kumlaza mtoto na njaa sioni vitaitwaje malezi mbele ya hakimu, hata kama mtoto ameiba kweli.

Mwezi Machi, katika joto mnalolijua, mtoto wa darasa la pili alikataa kuvua sweta hadi saa saba mchana. Mwalimu wake alipokunja mkono wa sweta aliona michirizi mibichi kuanzia kiwiko. Sheria hiyohiyo inamtaka yeyote mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki aziripoti kwa mamlaka ya serikali ya mtaa, nasi tuliripoti, ingawa mzazi huyo tunafahamiana naye vizuri.

Likizoni, anayeshuhudia ukatili apige simu namba 116 bila malipo, au aende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Mzazi aliyeelemewa na tabia za mwanawe aje tuzungumze. Ofisi itakuwa wazi siku za kazi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mkuu