Vyuo vitangaze pointi za aliyeingia wa mwisho

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi, na zaidi na wakuu wa vyuo vikuu vya umma, juu ya jambo ninalolishuhudia kila Julai. Nina steshenari karibu na stendi hapa Makambako. Natoa kopi, nachapa barua, na tangu 2017, serikali ilipoondoa utaratibu wa kuomba vyuo kupitia Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na kumtaka kila mwombaji aombe moja kwa moja chuoni, kazi yangu kubwa msimu huo ni kuwajazia watu maombi ya chuo.

Wengi wanaokuja si waombaji wenyewe. Matokeo ya kidato cha sita hutoka vijana wakiwa kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), hawana simu, kwa hiyo anayeketi mbele yangu ni baba mtu au dada mtu, ameshika namba ya mtihani kwenye kipande cha karatasi. Swali la kwanza ni lile lile: "Dada, chuo gani ndiyo namba moja?"

Jibu linapatikana kwenye simu kwa sekunde chache, na hilo ndilo tatizo. Inakuja orodha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko juu, au Muhimbili, inategemea umefungua orodha ya nani. Inayozunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ni ya Webometrics, inayotengenezwa na watafiti wa Hispania na kutolewa Januari na Julai, kwa hiyo toleo la pili hutua karibu sawa na matokeo yetu. Nusu ya alama zao hutokana na tovuti nyingine zinazoelekeza watu kwenye tovuti ya chuo. Asilimia 40 ni makala za utafiti zilizo katika kundi la zinazonukuliwa zaidi duniani. Zilizobaki ni nukuu za watafiti wakubwa wa chuo. Hakuna hata alama moja ya mwalimu kuingia darasani au ya mhitimu kupata kazi. Orodha ya Shanghai, iliyoanza 2003, inahesabu mpaka tuzo za Nobel za waliosoma na wanaofundisha chuoni. Anayetafuta pa kusomea uzamivu afuatilie hayo, yana maana kwake. Binti wa Wanging'ombe mwenye HGL (historia, jiografia na Kiingereza) anayetaka kuwa mwalimu hayamsaidii kuchagua.

Tena orodha hizo hupanga chuo kizima, wakati mtoto anasoma kozi. Utafiti wa afya hufanywa na watu wengi wa nchi nyingi na kunukuliwa kila mahali, kwa hiyo chuo cha udaktari kinapanda haraka. Chuo Kikuu Ardhi ni kidogo na kimejikita kwenye upimaji, ramani, majengo na mipango miji, kwa hiyo hakiwezi kushindana kwa nukuu. Lakini mtoto anayetaka kuwa mpima ardhi, Ardhi ndiko kwenyewe. Vivyo hivyo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro: ndicho chuo pekee nchini kinachotoa shahada ya udaktari wa mifugo, na bado nasikia wazazi wakikiita "chuo cha kilimo" kwa sauti ya kukishusha. Inaniuma, maana mkoa wetu unaishi kwa viazi, chai, mbao na ng'ombe wa maziwa.

Lililo zito kuliko nafasi ya chuo kwenye orodha ni ushindani wa kozi, na hapo ndipo watoto wetu wanaangukia. Kijana mmoja wa hapa alipata DDD kwenye PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Kwa hesabu ya Baraza la Mitihani hiyo ni daraja la pili, pointi 12. Nyumbani walichinja kuku, na walikuwa na haki ya kufurahi. Ila TCU inahesabu kwa kugeuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo kijana yule alikuwa na pointi 6, na kitabu cha mwongozo cha TCU kinasema sifa ya chini ya udaktari wa binadamu ni pointi 6, zenye D katika fizikia, kemia na baiolojia. Baba yake akasoma, akaona mwanawe amefika. Akaniambia nijaze udaktari katika vyuo vitatu vinavyogombewa kuliko vyote, na udaktari peke yake, bila uuguzi wala maabara.

Nilimweleza kwamba kufikia sifa ya chini ni ruhusa ya kuomba tu, na kwamba nafasi hujazwa kuanzia juu, na huko juu kuna watoto wa AAA wenye pointi 15. Akaniuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza: "Mwaka jana aliyeingia wa mwisho alikuwa na ngapi?" Sikuwa na cha kumwonyesha. Mwongozo una sifa za chini na idadi ya nafasi za kila kozi. Aliyeingia wa mwisho alikuwa na pointi ngapi, hilo sikuweza kumfungulia popote. Awamu ya kwanza ikapita bila jina lake. Awamu ya pili ilipofunguliwa, zile kozi alizotosha zilikuwa zimeshajaa kwenye vyuo alivyovitaka. Sasa yuko na baba yake kwenye mashine ya mbao.

Naomba wazazi wajue pia kwamba jina kubwa halikai Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, peke yake. DUCE ya Chang'ombe na MUCE (Mkwawa) ya Iringa, vyuo vya ualimu, ni vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005. Anayesomea ualimu Mkwawa anatunukiwa shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mbeya nako kuna tawi la afya la chuo hicho hicho, linalofundisha udaktari. Kutoka Makambako, Iringa na Mbeya ni safari ya asubuhi, mtoto anafika mchana. Lakini kila mwaka nakutana na familia inayoacha Mkwawa kwa sababu "siyo Dar".

Na hapa ndipo inapoingia gharama. Watu huuliza ada, wakati ada za vyuo vya umma hazipishani kwa kutisha. Kwa shahada nyingi huzunguka milioni moja na kitu kwa mwaka. Kinachopishana ni miaka ya kozi (ualimu mitatu, uhandisi minne, udaktari wa binadamu na wa mifugo mitano) na mji wa kuishi. Bodi ya Mikopo hutoa shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi, na kiwango hicho ni kimoja, uwe Dar es Salaam, uwe Iringa. Bumu, yaani fedha hiyo ya kujikimu, la siku 60 ni laki sita. Mpwa wangu wa Mlimani alikosa hosteli mwaka wa kwanza, akatafuta chumba Changanyikeni, akakipata kwa elfu themanini kwa mwezi. Mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani laki nne na elfu themanini. Ilibaki laki moja na elfu ishirini ale miezi miwili, anunue kopi, apande daladala. Aliyemaliza naye shule akaenda Dodoma, ambako chuo kilijengwa na mabweni mengi tangu mwanzo, alipewa kitanda wiki ile ile aliyoripoti.

Mlimani wamejitahidi. Hosteli zilizofunguliwa 2017 zina nafasi 3,840, na kabla ya hapo hali ilikuwa ngumu zaidi. Ila wanafunzi bado ni wengi kuliko vitanda, na mzazi wa kijijini anastahili kulijua hilo kabla ya kuthibitisha chuo.

Nasema kabla ya kuthibitisha kwa makusudi. Mtoto akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, hutumiwa namba ya siri kwenye simu ili achague kimoja, na muda wa kufanya hivyo ni mfupi. Majina ya waliopata mkopo, na asilimia waliyopewa, hutoka baadaye. Familia inachagua mji ghali au nafuu bila kujua bodi itabeba kiasi gani. Mwenye mkopo nusu anayekwenda Dar na mwenye mkopo kamili anayekwenda Iringa wana maisha mawili tofauti kabisa. Na mkopo wenyewe ni deni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka liishe.

Ninachoomba kwa wakuu wa vyuo ni kidogo, na naamini kila ofisi ya udahili inacho tayari kwenye kompyuta yake. Kwa kila kozi, mtangaze waombaji walikuwa wangapi mwaka uliopita, nafasi zilikuwa ngapi, na aliyeingia wa mwisho awamu ya kwanza alikuwa na pointi ngapi. Kando yake muweke gharama nzima ya mwaka wa kwanza: ada, michango yote, bima ya afya, hosteli, na vitanda vingapi vimetengwa kwa wanaoanza. Iandikwe kwa Kiswahili, maana anayelipa mara nyingi ni mzazi aliyeishia darasa la saba, na mwongozo tulionao ni wa Kiingereza.

Kwako Mhariri, ombi langu ni mlichapishe jedwali hilo gazetini. Magazeti yako yanafika hapa stendi na mabasi, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi jirani yangu hununua nakala kila siku na kuiacha kwenye benchi ili wengine wasome. Ila lisisubiri Julai. Mtihani wa kidato cha sita huanza Mei, na ukiisha vijana hutawanyika kwenda makambini. Likitoka Aprili litawakuta bado shuleni, mwalimu wao wa taaluma yupo, na wana wiki kadhaa za kulisoma pamoja.

Mwenye steshenari,
Makambako, Njombe